Senta ya Coppetts Road

Basi namba 134 likishapita maduka ya Muswell Hill huteremka Colney Hatch Lane, na London hubadilika sura. Maduka ya keki na maua hubaki juu kilimani. Huku chini ni nyumba za kaunsili, gereji, na mngurumo wa barabara kuu ya North Circular usiokatika usiku wala mchana. Coppetts Road iko hapo, pembeni mwa kijisitu kinachoitwa Coppetts Wood, na katika barabara hiyo palikuwa na jengo la kawaida ambalo mpita njia hakuwa na sababu ya kulitazama. Lilikuwa la Wabarawa. Walikuwa wamejiandikisha kama shirika la hisani, Somali Bravanese Welfare Association, ila jina hilo refu nililisikia likitajwa zaidi palipokuwa na fomu ya kujazwa. Siku nyingine zote palikuwa "senta" tu. Nakwenda senta. Mtoto yuko senta. Waulizeni senta.

Mimi si Mbarawa. Nimezaliwa Mombasa, Kibokoni, na Wabarawa niliwajua kabla sijaijua London. Barawa ni mji wa mwisho wa Waswahili ukielekea kaskazini, kilomita mia mbili hivi kabla ya kufika Mogadishu. Wenyewe huuita Miini, na lugha yao, Chimwini, ni ndugu wa Kiamu na Kimvita. Nyumbani kwetu jina la Barawa lilikuwa na heshima yake. Huko ndiko alikotoka Sheikh Uways, ambaye tarika yake ya Kadiria ilienea hadi Unguja, na Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, ambaye mashairi yake ya dini wanawake wa mji ule huyasoma mpaka leo. Na kofia za Barawa! Babu yangu alikuwa nayo moja ya Idi tu, ikilala ndani ya karatasi mwaka mzima.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, vita viliwakuta Wabarawa hawana bunduki wala ukoo wenye jeshi wa kuwakinga. Kundi moja la wapiganaji likiondoka, jingine liliingia. Nyumba ziliporwa mpaka milango. Wanawake walitendewa ambayo baadhi yao hawajayasema hadi leo. Waliobahatika kupata mashua wakaja Mombasa. Nakumbuka nyumba za mtaani kwetu zilivyojaa, watu kumi na tano wakilala sebuleni kwa jirani kwa sababu tu ya ndoa iliyofungwa baina ya familia mbili zamani za bibi. Wasio na jamaa waliingia kambini, Hatimy, Swaleh Nguru, Utange. Kisha serikali ya Kenya ikazifunga kambi za pwani, na watu waliokulia kando ya bahari wakapelekwa Kakuma, kwenye ukame wa Turkana. Wengine walitafuta njia za mbali zaidi. Hivyo ndivyo kaskazini mwa London kulivyopata Wabarawa.

Miaka kadhaa baadaye nami nikafika huko, nimemfuata mume, nikapata kazi ya kusaidia walimu katika shule ya msingi. Siku moja mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mbele yake ameketi mama aliyejifunika shuka hata uso hauonekani vizuri, na mkalimani wa Kisomali aliyeletwa kwa malipo alikuwa amekata tamaa, kwa kuwa mama yule Kisomali alikijua kidogo tu. Nikamsalimia kwa Kimvita. Alininyanyulia uso na maneno yakamwagika, mengine siyajui, mengi nayajua, yote kwa lafudhi ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipoondoka Mombasa. Tulipotoka pale hakuniuliza jina. Aliniuliza kama najua kusoma barua za Kiingereza, kisha akaniongoza mpaka Coppetts Road.

Ndani kulikuwa na chumba kikubwa kilichotandikwa mazulia, kikitumika kwa swala, kwa darasa na kwa mikutano, ikitegemea saa. Kulikuwa na jiko, na ofisi ndogo ambayo simu yake haikunyamaza. Kwenye meza ya ofisi kulikuwa na rundo la bahasha za kahawia, na anayeijua Uingereza anajua maana ya bahasha hizo: kodi ya kaunsili, msaada wa pango, barua za uhamiaji, vitisho vya kukatiwa. Kila mtu alikuja na zake ndani ya mfuko wa plastiki, nyingi hazijafunguliwa. Vijana wawili watatu waliojua Kiingereza walikaa nazo jioni baada ya kazi zao. Hawakulipwa. Mmoja aliendesha teksi usiku, akija na macho mekundu, akishamaliza barua ya mwisho ndipo anakwenda kulala.

Mpaka wa mabaraza mawili ya mji, Barnet na Haringey, unapita karibu sana na pale. Familia moja yaweza kuwa Barnet na dada wa mama akawa Haringey, ng'ambo ya barabara kuu. Fomu ni mbili, sheria za nyumba mbili, madirisha mawili ya kusubiri. Wale vijana walizijua zote kwa moyo. Nimefanya kazi na maofisa wa ustawi wa jamii tangu wakati huo, wenye shahada na mishahara, na sijaona aliyewashinda kwa kujua mtu apelekwe wapi na aseme nini akifika.

Jumamosi palikuwa pa watoto. Asubuhi Kurani, mchana masomo ya shule. Ndipo nilipopewa kazi, nikakaa na wasichana wa miaka kumi na moja, kumi na miwili, tukihangaika na sehemu na asilimia. Watoto hawa walikuwa na mzigo ambao shuleni haukuonekana. Ndio waliokuwa wakalimani wa nyumba. Msichana wa darasa la sita alikuwa akikosa shule ili aende na mama yake hospitalini, akalazimika kutafsiri maneno ya daktari wa wanawake ambayo mtoto hapaswi kuyabeba. Hilo lilinikera kuliko yote. Tukapanga zamu miongoni mwa wanawake wenye Kiingereza ili pasiwe na mama anayekwenda hospitalini na mtoto wake kuwa ndiye mdomo wake. Ni mpango mdogo, ulioandikwa kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani, na wasichana kadhaa walirudi darasani kwa ajili yake.

Wazee wa kiume walikuwa na kona yao, kahawa ya tangawizi na mazungumzo ya nani kazaliwa na nani. Sitawasemea sana. Nilichoona ni kwamba mzee ambaye nyumbani alikuwa hasemi neno kutwa, pale aliulizwa maoni yake na akasikilizwa.

Chumba cha wanawake ndicho ninachokijua, ila kukieleza lazima nianzie nje yake. Si mbali na hapo, Friern Barnet, kuna jengo refu la fahari lililofunguliwa mwaka 1851 kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Colney Hatch. Lilifungwa mwaka 1993 na siku hizi ni nyumba za watu wenye uwezo. Wanawake waliliona walipopita na basi, wakijua lilikuwa nini, na hofu ya jengo lile iliingia katika kila ushauri wa daktari wa mtaa kuhusu huzuni na kukosa usingizi. Wakimwona daktari anaandika, walidhani anaandika wapelekwe mahali kama huko. Basi wakanyamaza. Wakasema ni kichwa tu kinauma, ni mgongo, ni baridi ya Uingereza.

Kwenye senta walikuwa wakidarizi kofia. Barawa kazi hiyo ni ya wanawake, kitobo kwa kitobo kwa uzi mweupe, na kofia moja nzuri huchukua majuma. Mikono ikiwa na kazi na macho yako chini, mtu huweza kusema jambo bila kutazamwa usoni. Nilisikia hapo habari za 1991 ambazo sitaziandika. Mama mmoja alisema sentensi moja, akarudi kwenye kofia yake, na juma lililofuata akasema ya pili. Hakuna aliyemhimiza. Bibi mmoja, aliyekuwa na sauti nzito na kuogopwa na wote, alikuwa akinong'ona dua tu pale mwenzake alipokwama.

Baadaye wanawake wenyewe walikubali kumwalika muuguzi wa mtaa aje kuzungumza kuhusu kisukari na presha, maradhi yaliyojaa kila nyumba. Alikaa chini zuliani kama sisi, akanywa chai, akaulizwa maswali ya sukari mpaka jioni. Safari ya tatu au ya nne, bibi mwenye sauti nzito alimuuliza kuhusu usingizi. Ndipo mlango ulipofunguka. Muuguzi yule alipowapeleka wanawake kwa mshauri wa mambo ya nafsi, walikwenda, kwa sababu walikwenda wawili wawili na kwa sababu aliyewatuma wamemjua kwa chai yake.

Kulikuwa na watu, hata viongozi, waliosema mashirika kama haya yanawatenga wageni na wenyeji, kwamba fedha za umma zisitolewe kwa kabila moja, watu wakajifunze Kiingereza wachanganyike. Sikubaliani nao, na nimewaza jambo hili miaka mingi. Mama niliyemkuta kwa mwalimu mkuu aliishi London muda mrefu bila senta. Hakuchanganyika na mtu. Alikaa ndani pazia limefungwa. Baada ya kupata chumba ambamo alieleweka alivyo, ndipo akaanza kwenda darasa la Kiingereza, lililokuwa ndani ya chumba hichohicho. Kisha akaenda chuo cha mtaa. Kisha akawa anasimama lango la shule akiongea na akina mama wa Kipolandi na wa Kituruki. Asiyekuwa na mahali pa kurudi hathubutu kutoka.

Kulikuwa na kazi nyingine, nzito zaidi, ya kuthibitisha kwamba Mbarawa ni Mbarawa. Watu wa makabila madogo ya Somalia walikuwa na hoja ya nguvu ya kupewa hifadhi, kwa hiyo maofisa walitaka ushahidi, na mtu aliyekimbia usiku hana hati. Waliulizwa mitaa ya mji: Mpai, Biruni, Baghdadi. Waliulizwa mapishi ya harusi. Walirekodiwa sauti, na mchambuzi aliye nchi nyingine akaamua wametoka wapi. Namkumbuka dada mmoja aliyeambiwa kwamba yeye ni Mkenya kwa sababu usemi wake una Mombasa ndani yake. Mombasa ilikuwemo kweli. Alikuwa amekulia kambini huko tangu ana miaka minane! Wazee wa senta walikaa naye, wakaandika barua, wakafunga safari kwenda kusimama mbele ya hakimu na kusema tunamjua baba yake, tunaijua nyumba yao, ilikuwa karibu na msikiti fulani. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu juu ya ripoti hizo za lugha, katika kesi za Wasomali waliosema ni Wabenadiri, watu wa miji ya pwani kama Wabarawa, ikaonya kwamba wachambuzi wasitoe maoni nje ya ujuzi wao. Kwa dada yule ilikuwa imechelewa, lakini alikwisha kupata karatasi zake, kwa ushahidi wa wazee.

Fedha hazikutosha hata siku moja. Michango ya jamaa, sadaka za Ijumaa, ruzuku ndogo za hapa na pale, na baada ya 2010, serikali ilipobana matumizi, hata hizo zikapungua. Niliona mwenyekiti akilipa umeme kwa mfuko wake.

Tarehe 22 Mei 2013 mwanajeshi Lee Rigby aliuawa mchana kweupe Woolwich, kusini mwa London, na waliomuua walitaja Uislamu. Siku zilizofuata tulitembea tumeinama. Wasichana wangu wa Jumamosi, wengine sasa wako sekondari, walitemewa mate kwenye basi. Alfajiri ya Jumatano, 5 Juni, simu ilinigutua. Senta inaungua.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Nilipofika, wazima moto walikuwa bado wanamwaga maji na jengo lilikuwa halifai tena kwa lolote. Ukutani zilikutwa herufi za kundi la mrengo mkali wa kulia. Polisi walikuwa wamezungusha utepe, na nje ya utepe walisimama watoto waliovaa sare za shule ambao asubuhi hiyo hawakukubali kwenda shule. Zilikuwa zimeungua juzuu zao, madaftari, kalenda ya zamu za hospitali, kofia zilizokuwa katikati ya kazi. Zimeungua na zile faili za ofisi, nakala za karatasi za watu ambao nusu ya maisha yao ilitegemea kuwa na karatasi. Bibi mwenye sauti nzito alikuja kwa teksi. Alitazama muda mrefu. Akaniambia, "Mwanangu, na huku pia?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Walikuja majirani ambao hatukuwahi kuongea nao. Walileta maua, kadi zilizoandikwa na watoto wa shule, keki. Kasisi alikuja, na rabi, na diwani. Hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia: senta ilikuwa inajulikana. Muuguzi wa mtaa alikuja analia. Walimu walikuja. Mkuu wa shule aliyeniita ofisini miaka ile, sasa amestaafu, alisimama kwenye utepe na kumkumbatia mama yuleyule. Urafiki uliotengenezwa kwenye fomu na chai miaka yote ile ulikuwa umesimama pale barabarani.

Mwezi mmoja baadaye Ramadhani iliingia. Katika Julai ya London jua huzama saa tatu na robo usiku, na funga hufika saa kumi na nane. Wabarawa hawakuwa na mahali pa kufuturu pamoja wala pa kuswali tarawehe. Waliofungua mlango ni Wayahudi wa Finchley Reform Synagogue, ambao rabi wao wakati huo alikuwa Miriam Berger. Uhusiano ulipitia Citizens UK, muungano unaozikutanisha misikiti, makanisa, masinagogi na shule. Wapo miongoni mwetu waliosita, sitaficha. Mzee mmoja alisema hajawahi kuingia sinagogi tangu azaliwe na hajui kama inafaa. Wenzake walimjibu kwamba Mtume alikuwa na mkataba na Wayahudi wa Madina, na wewe unashindwa kula nao tende? Akaja. Alikuja usiku wa kwanza na usiku wa pili.

Tulikubaliana mapema kuhusu chakula, wao wana sheria zao za nyama na maziwa na sisi tuna zetu, ikawa ni sambusa za mboga, samaki, viazi vya nazi, kaimati. Vijana walitafuta kibla kwa simu zao wakabandika utepe sakafuni. Watu wa sinagogi walikaa nyuma wakati wa swala, na baadaye tukala meza moja. Mzee wa Kiyahudi alituambia alikuwa mtoto Ujerumani mnamo Novemba 1938, masinagogi ya huko yalipochomwa. Nilimtafsiria bibi mwenye sauti nzito. Akauliza, "Aliponaje?" Mzee akasema kuna watu Uingereza waliokubali kumchukua mtoto wasiyemjua. Bibi akasogeza sahani ya sambusa mbele yake, akamwambia ale, amekonda.

Oktoba ya mwaka huohuo makomando wa Marekani waliivamia nyumba moja mjini Barawa wakimtafuta kiongozi wa al-Shabaab, waliokuwa wanaushikilia mji, na kwa siku mbili jina la Barawa lilikuwa katika kila taarifa ya habari. Wasichana waliniuliza kama huo ndio mji ambao bibi zao husifu bahari yake. Darasa letu la Jumamosi lilikuwa limehamia ukumbi wa kuazima, ambao tulipaswa kuuacha umefagiliwa ifikapo saa tisa. Siku hiyo tuliweka hesabu kando. Tukamwita bibi mwenye sauti nzito awaeleze mji wenyewe, misikiti, soko la samaki, nyumba nyeupe, na walioutawala kwa elimu. Walimuuliza mpaka mwenye ukumbi akaja na funguo.

Kampeni ya kupata jengo jipya ilikuwa ndefu, yenye ahadi, michoro na vikao. Katika mkutano mmoja wa hadhara mwaka uliofuata, wanasiasa walipangwa jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa, na aliyepewa kipaza sauti kuwauliza alikuwa msichana wangu wa sehemu na asilimia, yule aliyekuwa akikosa shule kwa ajili ya hospitali, sasa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alisoma swali lake bila kutetemeka: mtasaidia kuijenga senta, ndiyo au hapana? Mwanasiasa mmoja akaanza kueleza historia ya mtaa, ugumu wa bajeti na umuhimu wa mashauriano. Bibi alinivuta mkono.

"Anasemaje?"

"Bado hajasema, bibi."

"Basi mwambie mtoto amuulize tena."

Msichana alikuwa amekwisha kukisogeza kipaza sauti mdomoni.